Profesa wa Samadi na Ng'ombe wa Gitting

Kwa nini wakulima waliompokea mtu kwa mkate na maziwa katika safari yake ya kwanza walimfungia milango aliporudi mara ya pili? Swali hili nililikuta katikati ya kitabu kimoja cha zamani, nikalipigia mstari kwa penseli.

Mtu mwenyewe alikuwa Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, msomi wa kilimo na mwandishi. Mchapishaji mmoja mdogo alikuwa ameniomba niandike maisha yake kwa Kiswahili, kitabu chembamba cha wanafunzi wa sekondari. Jina lake litakuwa kwenye jalada la kitabu hicho. Hapa nitamwita Profesa, kwa sababu ndivyo wenyeji wangu walivyomwita, na kufikia mwisho wa safari hata mimi sikuweza kumwita vinginevyo.

Maisha yake niliyasoma katika kitabu kilichoandikwa na mwanafunzi wake aliyempenda mno. Profesa alizaliwa mjini, mtoto wa fundi viatu. Alikusudiwa kuwa padri, akaishia kuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja mwenye mashamba. Hakushika jembe mpaka mvi zilipoanza kumtoka. Ndipo siku moja akafunga mzigo, akaenda kwa miguu kijiji hadi kijiji katika nchi ya jirani, akiuliza wakulima wanavyolima. Akaandika kitabu, kikasifiwa. Akapewa shule na shamba lililochoka. Akafundisha kwamba ng'ombe wafungwe zizini, wakatiwe majani, na samadi yao irudishwe shambani yote, hata tone lisipotee. Majirani wakamcheka, kisha shamba likazaa, wakaacha kucheka. Uzeeni akapofuka, wanafunzi wakawa wanamsomea.

Kuhusu milango iliyofungwa, mwanafunzi wake alikuwa na maelezo mafupi: wakulima ni wajinga na wagumu wa kushukuru. Maelezo hayo sikuyakubali. Nilisomea udongo chuoni Morogoro, na huko nilitolewa darasani mara mbili kwa kubishana na mhadhiri. Mtu akiniambia kundi zima la watu ni wajinga, mimi humtazama yeye kwanza.

Nikiwa nimekwama hapo, rafiki yangu Hadija akanipigia simu. Tulisoma pamoja Tanga, sasa ni mwalimu wa sekondari Mbulu. Nilimsimulia habari za zizi na samadi, akacheka mpaka akakohoa.

“Tatu, njoo huku uone. Watu wanafuga hivyo tangu mababu zao. Profesa wako angekuja Mbulu angekosa kazi.”

Wiki iliyofuata nikaondoka. Nilijiambia naenda kutafuta mifano ya kitabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumkamata Profesa kwenye uongo.

Jumatatu mchana nilikuwa Babati, na kabla jua halijashuka basi lilikuwa limeshapanda milima. Ilikuwa Oktoba, mvua hazijaanza. Nilitegemea kuona vumbi tupu. Badala yake niliona miteremko iliyolimwa kwa matuta ya kukinga maji, mstari juu ya mstari, na majani yamefukiwa ndani yake. Kila nyumba ilikuwa na lundo jeusi pembeni. Mtu wa Tanga anayechungulia dirishani na kufurahia malundo ya samadi huonekana ana tatizo. Abiria wa kiti cha pili aliniuliza kama nilikuwa naumwa.

Mbulu kuna baridi ya kweli. Hadija alinipokea na sweta mkononi, akijua sikubeba. Jumanne asubuhi akanikabidhi kwa afisa ugani mmoja, Bwana Bura, mwenyeji wa huko huko, mtu mnene mwenye viatu vya mpira na kofia ya sufu. Nilimweleza kazi yangu tukiwa tunapanda mlima.

“Mjerumani,” alisema. “Wajerumani waliokuja hapa walijenga boma wakadai kodi. Huyo wako alikuwa anadai nini?”

“Majibu.”

“Hiyo ni mbaya zaidi.”

Alinionyesha kila kitu. Nyumba ambazo ng'ombe hulala upande mmoja na watu upande mwingine, joto likichangiwa. Majani yanayokatwa kando ya matuta na kubebwa mpaka mlangoni. Mwanamke mmoja aliyetupita akiwa na tenga la samadi kichwani, akatusalimia bila kupunguza mwendo, akaimwaga kwenye shimo moja moja kama mtu anayepakua mchuzi kwa wageni wengi. Nilimsimulia Bwana Bura jinsi Profesa alivyogundua kwamba samadi iliyonyeshewa na mvua hupoteza nguvu. Akanionyesha kwa kidole malundo ya jirani. Yote yalikuwa yamefunikwa kwa majani makavu.

“Nani aliwafundisha?” niliuliza.

“Pua,” alisema.

Tulipokuwa tunashuka alisimama, akageuka kunitazama. “Kesho kutwa unakwenda Hanang kwa mama yangu mdogo, Mama Yuditha, kule Gitting. Uliza udongo. Uliza mbegu, uliza mvua. Habari za ng'ombe wa watu usiulize.”

“Kwa nini?”

“Usiulize tu, bibi shamba.”

Kwa mtu kama mimi, hilo ni kama kuniambia nisipumue.

Alhamisi nilirudi Babati, nikachukua basi la Katesh. Barabara hii ni ya lami na nchi iko wazi, mashamba ya ngano yaliyovunwa yakiwa na rangi ya mkate pande zote. Mlima Hanang uliibuka peke yake mbele, bila ndugu, na ukakaa kwenye kioo cha dereva muda wote uliobaki. Tukapita Mogitu. Nilipofika Katesh nilikula wali maharage kwa mama lishe, kisha pikipiki ikanipeleka Gitting, kwenye ubaridi wa mlima, katikati ya viazi na mahindi na mikaratusi.

Mama Yuditha alikuwa anakata majani nje ya nyumba yake. Mjane, umri wa kama miaka sitini, mwembamba, kitambaa cha kanisa kichwani na panga mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Bura ameniambia. Ndiye wewe unayeandika habari za mavi?”

Nilisema ndiyo. Hakukuwa na namna nyingine ya kujibu.

Ndani, kwenye upande wa ng'ombe, kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye kichwa cheupe kabisa. Aliitwa Sista, kwa sababu alionekana kama mtawa aliyevaa kilemba. Alikuwa mpole pia kama mtawa, isipokuwa ukigusa majani yake.

“Sista wako ni mzuri,” nilisema.

“Si wangu. Ni wa Mzee Gidamis wa Gendabi. Mimi nina kinyesi tu.”

Tukarudi nje kwenye majani, nami nikamsikiliza. Nadhani alinieleza kwa sababu nilikuwa mgeni wa mtoto wa dada yake, na kwa sababu nilikuwa nimeshika panga na kumsaidia kukata. Mtu mwenye ng'ombe, alisema, hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, hata wa kabila lingine, hata wa mbali. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hauli wote. Anayemtunza hunywa maziwa na hubaki na samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi wala shahidi. Kuna watu wawili tu wanaojua, na ng'ombe.

“Na wewe mama, una wako waliowekwa kwa watu?”

Alinitazama kama Bwana Bura alivyonitazama. “Mimi mjane, niwatoe wapi? Kata majani.”

Jioni hiyo, tukisubiri ugali uive, alitaka kujua habari za Profesa. Nikamsimulia mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani aliyehamia.

“Hakuoa?”

“Kitabu hakisemi.”

“Nani alikuwa anambebea samadi?”

“Kitabu hakisemi.”

“Mwanangu, kitabu hicho kinasema nini?” Kisha, nilipofika kwenye upofu, akajipiga gotini kwa kiganja. “Angekuja hapa! Samadi iliyoiva unaijua kwa pua. Tungempa kiti, angetuambia lundo lipi tayari.”

Asubuhi, Ijumaa, alinipeleka kuona shamba la juu, na hapo nikaelewa kwamba kwake habari za samadi hazikuwa za kitabuni. Ni kipande cha ekari moja hivi kwenye mteremko, udongo umepauka, mahindi ya msimu uliopita yalikuwa na mabua membamba kama kalamu. Marehemu mumewe alikuwa amelima hapo. Sasa shemeji yake, Mzee Petro, alikuwa amekiambia kikao cha ukoo kwamba shamba limekufa na mjane hana nguvu ya kulifufua. Yeye alitaka kupanda mikaratusi. Ukoo ulikuwa umempa Mama Yuditha msimu mmoja. Likizaa, ni lake bila maneno tena. Lisipozaa, ni la Petro.

“Mikaratusi ikishaingia,” alisema, “huitoi. Inakunywa maji mpaka ya kisima.”

Tulilipima lundo la Sista kwa macho. Nilifanya hesabu yangu ya chuoni, yeye akafanya yake kwa kutembea. Tukafika mahali pamoja: nusu ya shamba. Mpaka mvua zianze, kwa wiki zilizobaki, Sista angeongeza kidogo.

“Kidogo ni kidogo,” alisema. “Nitapanda hiyo nusu vizuri sana, Petro aone aibu.”

Jumamosi nilishuka Gendabi. Nilitaka kuona upande wa pili, wafugaji, kwa sababu Profesa aliwaona wachungaji kama watu wanaomwaga mali njiani, na nilitaka kujua wao wangesema nini. Mama Yuditha alinipa salamu za kumpelekea Mzee Gidamis na kilo mbili za viazi.

Gendabi kuna joto zaidi kidogo kuliko Gitting, na macho yanaona mbali. Nilimkuta Mzee Gidamis amekaa nje ya boma lake na wanaume wengine wanne, blanketi begani, fimbo magotini. Mrefu, mkimya, mwenye macho ya kucheka. Nikasalimia kila mmoja kwa zamu, shikamoo tano. Kando yake alikaa shemeji yake, kaka wa mke wake, aitwaye Gwandu, aliyekuwa amekuja kwa mara ya pili kuomba mchango wa ng'ombe kwa ajili ya harusi ya mtoto wake. Hilo sikulijua. Niliona tu ng'ombe wachache karibu na boma, nikasikia Mzee Gidamis akimwambia kwa Kiswahili, kwa heshima yangu nadhani, kwamba wake ndio hao anaowaona.

Kisha akageuka kwangu kwa ukarimu. “Karibu, binti. Umetokea kwa nani?”

Mimi nilikuwa na furaha. Asubuhi ilikuwa nzuri, mlima ulikuwa nyuma yangu, na nilikuwa nimejifunza jambo jipya ambalo nilitamani kulionyesha.

“Kwa Mama Yuditha, Gitting. Anakusalimu sana. Na asante kwa maziwa, mzee, siku mbili nakunywa maziwa ya ng'ombe wako. Sista ni mzuri ajabu.”

Mzee mmoja alianza kuichunguza ncha ya fimbo yake kana kwamba imeandikwa.

“Sista,” alisema Gwandu taratibu. “Ana jina la kanisa kabisa. Basi huyo anafaa harusi.”

Wakacheka wote, isipokuwa mimi. Mzee Gidamis alicheka wa mwisho, akanitikisia kichwa. “Binti, wewe ni mwandishi kweli.”

Nilipewa chai. Waliniuliza habari za Tanga, wakanijibu maswali yangu kuhusu malisho na mvua, na hakuna aliyenikemea. Ingekuwa rahisi kama wangenikemea.

Nikisubiri pikipiki kando ya njia, nilitoa kitabu kwenye begi ili nisijifikirie. Kikafunguka pale kwenye mstari wangu wa penseli. Kurasa chache nyuma, mwanafunzi anamsifu Profesa kwa majedwali ya kitabu chake cha kwanza: kila mwenyeji aliyempa kitanda aliandikwa kwa jina lake, na ng'ombe wake, na nguruwe wake, na magunia yake. Nilikuwa nimeyasoma hayo nyumbani na kuyapenda. Sasa niliyasoma nikiwa nimetoka kunywa chai ya Mzee Gidamis. Kitabu kile kilichapwa. Mtoza kodi anajua kusoma. Mwenye shamba anayepandisha ada ya kukodi anajua kusoma. Shemeji wa mtu anajua kusoma. Profesa alikwenda kila nyumba akanywa maziwa, kisha akasema hadharani, kwa furaha yake yote, maziwa yalitoka kwa ng'ombe wangapi.

Sikuwa na ushahidi wowote. Kwa mara ya kwanza maishani sikuutaka.

Nilimkuta Mama Yuditha akimkatia Sista majani. Nilimwambia yote, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alikata majani mpaka yakaisha. Kisha akafuta panga kwenye nyasi.

“Gidamis atakuja kumchukua kesho baada ya misa,” alisema. “Chemsha maji, tunywe chai.”

“Mama, nisamehe. Nimekuharibia shamba.”

“Bura hakukuambia usiseme habari za ng'ombe?”

“Aliniambia nisiulize.”

Alinitazama, mdomo ukianza kumshinda. “Kweli, hukuuliza,” alisema, na akacheka akaegemea ukuta.

Jumapili walikuja, Mzee Gidamis na Gwandu, kwa miguu. Walisalimiana na Mama Yuditha kwa kirefu, habari za nyumba moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kutumaini kwamba wamekuja kusalimia tu. Kisha Gwandu akaingia ndani, akamtoa Sista. Ng'ombe alitoka akipepesa macho kwenye jua, akasimama uani akingoja mtu amwambie anakwenda wapi.

“Dada,” alisema Mzee Gidamis, “sikupanga iwe hivi.”

“Najua, kaka. Kinyesi kinabaki.”

“Kinyesi ni chako.”

“Ni nusu. Shamba langu unalijua. Nusu nyingine utaniletea wewe.”

Mzee alicheka. “Nibebe mgongoni? Kutoka Gendabi?”

“Una ng'ombe wana miguu. Walete walale shambani kwangu. Majani ya mabua yapo, watakula. Asubuhi wanakwenda kunywa maji, jioni wanarudi. Mpaka nusu ile iishe.”

Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha kulipanga jambo hilo miaka mingi na kulikunja na kuliweka sandukuni. Mzee Gidamis aliacha kucheka.

“Nikiwapandisha huku, watu watawahesabu.”

Mama Yuditha alininyooshea panga. “Wamebaki wa kuhesabiwa? Huyu ameshamaliza.”

Gwandu ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akashika pembe za Sista asianguke. Mzee Gidamis akatazama mlima, akatazama shamba, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anapima kama kuna siri yoyote iliyobaki ya kulinda. Akakuta hamna.

“Jumanne,” alisema.

Nilipaswa kuondoka Jumatatu. Nilimpigia Hadija kumwambia nabaki, akasema alijua.

Jumatatu nzima tulikata miiba, mimi na Mama Yuditha na wanawake watatu wa jumuiya yake ya kanisa, tukazungushia kipande cha kwanza. Jumanne jioni, jua likiwa bado juu ya miti, tukawasikia kabla ya kuwaona. Kengele, mluzi, kisha vumbi. Ng'ombe wakapanda njia wakiwa mstari mrefu, wa kahawia, weusi, wa madoa, wenye pembe za kila namna, na watu wakatoka majumbani kuwatazama kama maandamano ya Pasaka. Mzee Gidamis alikuwa amewakusanya kutoka alikowaweka. Hawakuwa wachache hata kidogo. Sitasema walikuwa wangapi. Nimejifunza.

Tuliwaingiza ndani ya miiba. Wakazunguka, wakanusa, wakaanza kutafuna mabua, na mmoja akainua mkia akafanya kile tulichomwitia. Wanawake wa jumuiya walipiga vigelegele. Nimehudhuria mahafali ambayo hayakupigiwa vigelegele vya namna hiyo.

Mzee Petro alikuja, mikono mfukoni. Alisimama nje ya miiba na midomo yake ilikuwa inatembea, alikuwa anahesabu.

“Hawa wote ni wa Gidamis?”

“Hata mimi sijui,” alisema Mzee Gidamis kwa upole. “Mimi nawachunga tu.”

Wakati huo huo ng'ombe mmoja wa kahawia, mwenye pembe moja iliyopinda chini, alipitisha shingo juu ya miiba akang'oa mbaazi za pembeni. Mama Yuditha akamkimbilia na fimbo. “Ng'ombe wa watu hawana adabu! Toka huko! Kaka, huyu wako amefundishwa na nani?” Mzee Gidamis aliomba radhi kwa niaba ya ng'ombe. Petro alitikisa kichwa, akaondoka.

Kila siku tulihamisha miiba hatua kadhaa kupanda juu. Kila asubuhi udongo uliobaki nyuma ulikuwa mweusi, wenye joto, umekanyagwa na kuchanganywa vizuri kuliko jembe lingefanya. Niliuinua mkononi, nikaunusa. Chuoni tulikuwa na vifaa vya kupima. Hapo nilikuwa na pua, na Mama Yuditha akinichungulia usoni.

“Umeiva?” aliuliza.

“Bado kidogo.”

“Haya, umefaulu.”

Nikamwambia kwamba Profesa alifundisha kinyume cha hili, kwamba ng'ombe asilale shambani kamwe. Akafikiri. “Alikuwa na ng'ombe wake zizini,” alisema. “Sasa asiye na wake angefanyaje? Huyo hakumwandikia.”

Jumatano ya wiki iliyofuata nusu ya juu ilikuwa imekwisha. Ng'ombe wakashuka Gendabi, nami nikashuka Katesh, viazi kwenye begi na harufu kwenye nywele. Basi la Babati, kisha Arusha, kisha nyumbani Tanga, ambako mama yangu alinifungulia mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akanionyesha bafu.

Niliandika kitabu mwezi ule. Nilikisoma tena kile cha mwanafunzi, safari hii polepole, na nikakuta jambo nililokuwa nimeliruka kwa sababu lilionekana la kuchosha. Baada ya milango kufungwa, Profesa alirudi kule mara ya tatu. Hakuwa na daftari. Alikaa kipindi chote cha baridi katika nyumba ya mkulima mmoja, akilisha mifugo na kusafisha zizi. Mwanafunzi analitaja hilo kwa sentensi moja yenye aibu, kama anavyotaja ugonjwa. Kitabu alichoandika Profesa baada ya hapo hakikuwa na majina wala majedwali, na ndicho, kwa maoni yangu, kitabu chake bora. Nilikuwa nimeondoka nyumbani ili nimkamate kwenye uongo. Nilimkuta kwenye kosa langu mwenyewe, akiwa amelifanya kabla yangu na kulirekebisha kwa kushika koleo. Sura ya safari ya tatu sasa ndiyo ndefu kuliko zote katika kitabu changu. Mchapishaji analalamika. Mimi bado nauliza maswali kama zamani, ila naanza na yale ninayoweza kujibiwa bila mtu kupoteza kitu, na majibu mengine nayaacha yalale pale nilipoyakuta. Ndiyo maana majina ya watu katika simulizi hili si yao.

Mahindi ya Mama Yuditha yalikomaa. Alinipigia simu siku ya mavuno, nikasikia makelele nyuma yake. Nusu ya chini, ya Sista, ilizaa vizuri. Nusu ya juu ilizaa kiasi cha kumfanya Mzee Petro aombe mbegu. Ukoo ulikaa, ukapanda minyaa mipya mpakani, na shamba likawa lake bila maneno tena.

“Sasa naweza kukuambia kitu,” alisema. “Na ukitaka, andika. Petro hawezi tena kudai kwamba nigawane naye.”

Yule ng'ombe wa kahawia mwenye pembe iliyopinda, aliyekula mbaazi, na mtamba wake mweusi aliyelala kando yake kila usiku, ni wa Mama Yuditha, na walikuwa kwa Mzee Gidamis tangu mumewe akiwa hai.